Anayekikalia Ndiye Fundi: Historia Fupi ya Kiti cha Magurudumu

Leo ninaanza na habari ya ngazi kumi na tisa.

Mwaka wetu wa kwanza ku univ tulikuwa na yaya mmoja aliyetembelea kiti cha magurudumu. Oditwari yetu ilikuwa juu, ngazi kumi na tisa, sisi wote tulizihesabu kwa migongo. Kila asubuhi vijana wanne tulimbeba, wawili mbele, wawili nyuma, na kila asubuhi tulijiona watu wazuri sana. Siku moja profesa akabadilisha saa ya somo bila kutangaza mapema. Habari ilitufikia kwa simu, tukakimbia moja kwa moja juu, kila mtu akitafuta nafasi yake ya kukaa. Yaya alifika pia. Alikaa chini ya ngazi saa mbili nzima, akisikia sauti ya profesa lakini haelewi neno. Hakuna aliyeshuka. Jioni akatuambia kwa upole: "Nawashukuru kwa mikono yenu. Lakini mikono yenu ikichelewa, masomo yangu yanakwisha."

Mwaka wa pili hakurudi.

Nimefikiri neno lile miaka mingi. Tulidhani shida yake ilikuwa miguu, na dawa yake ilikuwa huruma yetu. Yeye alijua kwamba shida ilikuwa ngazi, na dawa yake ilikuwa kitu cha kutengenezwa: mbao, saruji, chuma, akili kidogo. Ndiyo maana nimesoma historia ya kiti cha magurudumu, nikakuta jambo ambalo nataka tulijadili hapa. Karibu kila mara kiti hiki kilipopiga hatua kubwa, aliyesukuma hatua ile alikuwa mtu anayekikalia mwenyewe. Wengine wote tulifuata nyuma.

Mfalme aliyesukumwa na fundi saa aliyejisukuma

Tuanze mbali. Mwishoni mwa karne ya 16, mfalme Philip II wa Hispania alikuwa anaumwa jongo, miguu haimbebi tena. Mwaka 1595 alichorwa akiwa kwenye kiti chake maalumu: kina magurudumu madogo, mahali pa kunyooshea miguu, mgongo unaolala nyuma. Kiti kizuri cha kifalme. Lakini angalia vizuri: mfalme mwenyewe hakuweza kukiendesha. Magurudumu yalikuwa madogo, mkono wake hauyafikii. Bila mtumishi, mfalme wa nchi nusu dunia hakuweza kwenda hata dirishani kutazama mvua.

Sasa sikia habari ya pili. Mwaka 1655, karibu na mji wa Nuremberg huko Ujerumani, aliishi kijana mmoja fundi wa saa, jina lake Stephan Farffler. Alikuwa na umri wa miaka 22 na miguu yake ilikuwa imepooza. Fundi saa anajua nini? Anajua meno ya gurudumu, anajua jinsi jino dogo linavyosukuma jino kubwa. Basi akachukua elimu yake ileile ya saa, akajitengenezea kigari cha magurudumu matatu chenye mpini wa kuzungusha kwa mikono. Ukizungusha, meno yanashikana, gurudumu la mbele linazunguka, kigari kinakwenda. Hakumwomba mtu amsukume.

Hawa watu wawili ni mwanzo wa njia mbili. Njia ya kwanza inauliza: tumsukume vipi mtu huyu kwa raha? Njia ya pili inauliza: aende vipi mwenyewe? Njia ya kwanza iliendelea sana Uingereza katika karne ya 18, kwenye mji wa Bath ambako wagonjwa matajiri walikwenda kuoga maji ya moto ya ardhini. Walipandishwa kwenye vigari vya magurudumu matatu vilivyoitwa kwa jina la mji ule, mgonjwa anashika usukani, mtu mwingine anamsukuma. Njia ya pili ilibaki nyembamba kwa muda mrefu. Na mkitazama trisikeli za mikono zinazopita leo Kinshasa, Goma au Bukavu, zile zenye mnyororo na pedali za kushika kifuani, mtaona kwamba ni wajukuu wa kigari cha Farffler. Wazo ni lilelile.

Chuma cha herufi X

Mambo yalibadilika baiskeli ilipokuja, au kinga kama tunavyosema huku. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mafundi walijifunza kutengeneza gurudumu jepesi la nyaya nyembamba na mpira. Kiti kikapata magurudumu makubwa nyuma ambayo mkono unayafikia, na madogo mbele ya kukata kona. Umbo hilo ndilo tunalolijua mpaka leo.

Lakini kiti kilikuwa bado kizito na hakikunjiki. Hapo anaingia Herbert Everest, Mmarekani, mhandisi wa migodi aliyevunjika mgongo katika ajali ya mgodi mwishoni mwa miaka ya 1910. Mtu wa migodi, wandugu, watu wa Katanga mnaelewa vizuri ajali hiyo inafananaje. Everest alikuwa na shida moja ya kila siku: alikuwa na gari, lakini kiti chake hakikuingia ndani ya gari. Alikuwa na rafiki, mhandisi pia, Harry Jennings. Mwaka 1933 wawili hao wakatengeneza kiti cha mabomba ya chuma chenye fremu ya herufi X chini ya kikalio. Ukivuta kikalio juu, X inajifunga, kiti kinakuwa chembamba, unakitupa nyuma ya gari. Wakafungua kampuni, na kiti chao kikaenea dunia nzima. Kile kiti cha kukunja mnachokiona kwenye mlango wa hospitali yoyote ni mtoto wa kazi hiyo.

Hapa historia inatupa onyo. Kampuni ile ilikua mpaka ikashika karibu soko lote la Marekani. Ilipokosa mshindani, bei ikapanda na kiti hakikubadilika sana kwa miaka mingi. Mwaka 1977 serikali ya Marekani iliishitaki kampuni hiyo kwa kubana soko. Yaani kitu kilichozaliwa kwa kumfungulia mtu mmoja mlango kikageuka kuwa mlango mwingine uliofungwa. Wenye kusoma ekonomi na sheria, somo lenu ni hapo.

Vita, mchezo na wanafunzi wakorofi

Vita Kuu ya Pili ilirudisha nyumbani askari wengi waliopigwa uti wa mgongo. Zamani watu hao walikufa haraka, wengi kwa vidonda vya kulala na magonjwa ya mkojo. Katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler, alikataa kuwaacha walale wakisubiri kufa. Aliwageuza kitandani kila baada ya saa chache, akawainua, akawapa kazi na mchezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, alifanya mashindano ya kulenga mshale kwa watu 16 wenye viti vya magurudumu. Kutoka watu hao 16 ikazaliwa michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960. Upande wa Kanada, mhandisi George Klein na wenzake walitengeneza kiti cha umeme kwa ajili ya askari waliopoteza nguvu za mikono pia.

Halafu ikaja zamu ya wanafunzi. Ed Roberts aliugua polio akiwa na miaka 14, akabaki bila kutembea, na usiku alihitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hapakuwa na bweni lililoweza kumpokea, akapewa chumba ndani ya hospitali ya chuo. Wengine kama yeye wakamfuata mmoja mmoja, wakawa kundi, wakaanza kutazama mji na kuuliza: kwa nini ukingo wa barabara umekatwa wima kama ukuta mdogo? Mtu wa magurudumu akifika pembeni ya barabara, safari inaishia pale. Wakasukuma manispaa mpaka kingo zikaanza kuteremshwa kwenye kona. Mwaka 1972 wakafungua kituo cha watu wenye ulemavu kuendesha maisha yao wenyewe.

Ikawa nini? Zile kona zilizoteremshwa, wa kwanza kuzifurahia walikuwa watu wa viti, lakini nyuma yao wakaja mama mwenye kigari cha mtoto, mbeba mizigo mwenye mkokoteni, mzee mwenye fimbo, msafiri mwenye valizi. Kitu kilichotengenezwa kwa mtu mmoja aliyesahauliwa kikawanufaisha wote. Fikiria mtu wa chukudu Goma au wa pus-pus Kinshasa anavyohangaika kwenye kila ukingo, utaelewa.

Vijana wanne na kiti kimoja

Sasa tufike sehemu inayotuhusu zaidi, maana barabara za Berkeley si barabara zetu.

Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Ralf Hotchkiss, alianguka na pikipiki, akapooza miguu. Alikuwa mtu wa ufundi, akawa anarekebisha kiti chake mwenyewe kila kilipovunjika. Mwaka 1980 alikwenda Nikaragua. Huko Managua alikutana na vijana wanne wenye ulemavu waliokuwa wanatumia kiti kimoja kwa zamu. Kiti kilikuwa kimevunjika mara nyingi, na kila mara wao wenyewe walikuwa wamekitengeneza. Hotchkiss akakichunguza, akakuta kwamba baadhi ya marekebisho yao yalikuwa mazuri kuliko kazi ya kiwanda. Hakuwaletea msaada kwa kuwatazama kutoka juu. Alikaa nao wakafanya kazi pamoja. Kazi ile ikazaa shirika la Whirlwind, ambalo tangu hapo limefundisha mafundi katika nchi nyingi za dunia, Afrika ikiwemo, na lisilotaka kuuza kiti tu bali kuacha ufundi nyuma.

Walijifunza nini? Nitawaeleza mambo matatu, kwa sababu ndiyo siri ya kiti kinachofaa barabara yetu.

La kwanza, magurudumu ya mbele. Kiti cha hospitali kina magurudumu madogo, membamba na magumu mbele. Juu ya sakafu laini kinateleza vizuri. Kwenye mchanga yanazama, kwenye jiwe yanakwama ghafla na mtu anarushwa mbele. Dawa ikatoka Zimbabwe: mafundi wa huko walibuni gurudumu la mbele la mpira mpana na laini, linaloelea juu ya mchanga na kumeza mshtuko wa jiwe. Mpaka leo wataalamu wa viti wanaliita gurudumu la Zimbabwe. Ndiyo, wandugu, Mwafrika ameweka jina la nchi yake ndani ya historia hii.

La pili, urefu. Ukisogeza magurudumu ya mbele mbali zaidi na yale ya nyuma, kiti kinakuwa kigumu kuanguka kifudifudi, hata kwenye mteremko. Viti vya hospitali ni vifupi kwa sababu korido ni nyembamba. Nani kati yetu anaishi kwenye korido?

La tatu, spea. Kiti kikitumia tairi ya kinga ya kawaida, beringi inayouzwa kila soko, bomba ambalo sudeur yeyote wa kartie analijua, basi kikivunjika Jumatatu kinarudi barabarani Jumanne. Kikitumia kipande kinachotoka Ulaya peke yake, kikivunjika Jumatatu kinakuwa banda la kuku.

Hii ndiyo historia ya viti vingi vilivyofika huku ndani ya kontena. Watu wema walikusanya viti vilivyotumika kwao, wakavipakia kwenye meli. Picha zikapigwa, watu wakapiga makofi. Baada ya miezi michache kwenye mawe na matope, vikafa. Na vingine vilikuwa na ukubwa usiomfaa aliyepewa: mtoto anakalishwa kwenye kiti cha mtu mzima, mgongo unapinda. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili, likasema wazi kwamba kumpa mtu kiti si kumkabidhi tu: lazima apimwe, kiti kirekebishwe kwa mwili wake, afundishwe kukitumia, na afuatiliwe baadaye. Shirika hilohilo linakadiria kwamba watu karibu milioni 80 duniani wanahitaji kiti cha magurudumu. Katika nchi maskini walio nacho ni wachache sana. Karibu na sisi, Moshi nchini Tanzania, kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na pia wa viti. Si mbali kama Ulaya. Kijana wa Kivu anaweza kufika kwa basi.

Kongo yetu: trisikeli si kiti tu, ni biashara

Je, kwetu hakuna historia? Iko, na ni kubwa.

Tangu enzi za Zaire, kwenye bandari ya Ngobila Kinshasa, watu wenye ulemavu walipata nafuu ya nauli na ya ushuru kwa kuvuka mto kwenda Brazzaville. Nafuu hiyo ilionekana kuwa huruma ndogo, lakini wao wakaigeuza kuwa kazi. Walienda kwa mafundi wa chuma, trisikeli zikarefushwa, zikapanuliwa, zikawekewa mahali pa mizigo, mpaka moja ikabeba mzigo wa kushangaza, mwenyewe amekaa juu na vijana wanasukuma nyuma. Tazama jambo hili: mtu ambaye familia ilimwona mzigo akawa mwajiri wa vijana wenye miguu mizima. Mashariki pia, mpakani Goma na Gisenyi, trisikeli za watu wenye ulemavu zinapitisha mizigo na kulisha nyumba nyingi. Mwaka 2014 Brazzaville ilipofukuza watu wengi wa Kinshasa na kukaza mpaka, na tena mipaka ilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, wafanyabiashara hao waliumia sana. Chombo kizuri bila njia iliyo wazi hakilishi mtu.

Na nani asiyewakumbuka Staff Benda Bilili? Wanamuziki wa Kinshasa, wengi wao waliopata polio utotoni, waliokuwa wakifanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama, wakitembea na trisikeli walizozitengeneza kwa namna yao. Albamu yao ilitoka mwaka 2009, na mwaka 2010 filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes. Wimbo wao mmoja unawaomba wazazi wapeleke watoto kwenye chanjo ya polio. Na kijana mmoja wa kundi, Roger Landu, alipiga ala aliyoibuni mwenyewe kwa kopo, kijiti na uzi mmoja. Jina la kundi, tafsiri yake ya karibu, ni: tazama zaidi ya yanayoonekana. Hiyo ingetosha kuwa kichwa cha habari cha andiko langu.

Upande wa sheria pia hatuko mikono mitupu. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria maalumu ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Karatasi iko. Ngazi kumi na tisa nazo bado ziko.

Kazi inayotungoja

Kila mwaka tunaandika TFC na memwari, tunatetea, tunapiga picha na toge, kitabu kinaingia kabatini. Hebu nitaje kazi chache ambazo zinamngoja mtu wa politekniki, wa ekonomi, wa udaktari, au hata msudeur aliyemaliza masomo ya ufundi tu. Sikuziota. Nyingi nimezisikia kwa wenyewe.

Ngazi ya mteremko. Kipimo kinachojulikana ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Ukingo wa sentimita 15 unataka mteremko wa mita 1.80. Hiyo inawezekana kwa mbao mbili za kubeba, zenye ukingo pembeni ili gurudumu lisitoke. Lakini mlango wa sentimita 60 kutoka chini unataka mita 7.20, hapo ni saruji, si mbao. Anayejenga mteremko mkali kwa kuokoa saruji amejenga mtego.

Kipande cha mbele cha kuchomeka. Trisikeli inakwenda mbali lakini haiingii nyumbani. Kiti kinaingia nyumbani lakini kinachoka haraka barabarani. Ndiyo maana wengi wanaacha trisikeli uani na kuingia kwa kutambaa. Suluhisho liko: gurudumu moja la mbele lenye mnyororo na pedali za mkono, linalofungwa kwenye kiti ukitoka na kufunguliwa ukifika. Nchi nyingine linauzwa ghali. Nani atalitengeneza kwa vipande vya kinga?

Mto wa kukalia. Watu wa medesini, hii ni yenu. Mtu asiyesikia maumivu makalioni anaweza kupata kidonda bila kujua, na kidonda kile kinaua. Kiti kizuri na mto mbaya ni hatari. Kuna sifongo za aina mbalimbali na mipira ya ndani ya tairi sokoni kwetu. Inatakiwa mtu wa kupima na kujaribu kwa uangalifu, pamoja na kumfundisha mtumiaji kujiinua au kuegemea pembeni mara kwa mara.

Jiko na maji. Mbabula yetu inakaa chini. Mama aliye kwenye kiti anapika akiwa ameinama juu ya moto, sufuria ya moto juu ya mapaja. Meza imara ya chuma yenye nafasi ya magoti chini yake, na ukingo wa kuzuia mbabula isiteleze, ni kazi ya siku moja ya atelie. Vilevile bidon la maji: ukilining'iniza mgongoni mwa kiti, kiti kinapinduka nyuma. Liweke chini ya kikalio, katikati ya magurudumu, linatulia.

Choo. Hakuna anayependa kulitaja, na ndiyo maana halijatengenezwa. Choo cha shimo kinadai kuchuchumaa. Kiti chepesi chenye tundu, kinachosafishika kwa maji, kinachokaa juu ya shimo, kinampa mtu heshima yake kila asubuhi.

Mvua na matope. Anayesukuma gurudumu kwa mkono anashika matope yaleyale ambayo wewe unayakanyaga kwa kiatu, halafu anakwenda kumsalimia mkwe wake. Glovu ya ngozi au ya mpira wa tairi, kifuniko cha gurudumu, na koti la mvua lililokatwa kwa mtu aliyekaa, si kwa mtu aliyesimama. Mshonaji wa kartie anaweza.

Mtaona kwamba hakuna hata moja linalodai setilaiti. Lakini sheria ya historia ile inabaki: usianze kuchora kabla hujakaa na mtu wa kiti. Farffler, Everest, Hotchkiss, vijana wa Managua, mabingwa wa Ngobila, wote walijua shida kwa mwili wao. Sisi tuliosoma tuna hesabu, lakini hatuna ujuzi ule. Wakiwa ndani ya kazi tangu siku ya kwanza, kama wabunifu wenye jina kwenye kazi na fungu kwenye faida, tutatengeneza kitu. Wakiitwa siku ya mwisho kupigwa picha, tutatengeneza banda lingine la kuku.

Yule yaya nilikutana naye tena baadaye. Ana kibanda cha kuuza krediti za simu na kuchaji batri, mbele yake ameweka mbao mbili za mteremko. Nikamwuliza nani amezitengeneza. Akacheka: "Mimi nilipima, mdogo wangu akakata." Halafu akaniuliza kama zile ngazi za oditwari bado ziko. Nilimjibu ziko. Hakusema neno, akaendelea kuhudumia mteja.

Kwa hiyo naomba jambo moja dogo kwenu mliobaki ku univ. Kesho chukueni mita, pimeni mlango na ngazi za oditwari yenu, andikeni namba zile hapa chini. Upana wa mlango, urefu wa kila ngazi, idadi ya ngazi. Tukishakuwa na namba, tutajua saruji ni mifuko mingapi, na chama chetu kitajua kinachanga kwa ajili ya nini. Na kama kwenu kuna mtu wa kiti, mumwulize yeye kwanza mteremko upite wapi.